Apimwe Tena?

Mtu huyu yupo karibu kila kituo cha afya, na wahudumu wa chumba cha ushauri nasaha wanamjua kwa sura. Hajatoka nje ya ndoa, hajachangia wembe, hajaongezewa damu. Siku moja alichomwa sindano akiumwa malaria, basi, na tangu siku hiyo ana hakika kwamba alipewa VVU palepale. Amepimwa, hana. Kaenda kituo kingine, hana. Leo kawahi benchi asubuhi na mapema, anaomba kidole kitobolewe tena.

Swali la mjadala huu ni hilo: apimwe tena, au asipimwe?

Linaonekana dogo. Kipimo chenyewe ni cha dakika 15 hadi 20, na kwenye vituo vya serikali hakilipiwi. Lakini ni swali linalowagombanisha wahudumu wenyewe, na likijibiwa vibaya nyumba nzima inayumba. Sauti zifuatazo nimezitunga, hakuna mtu fulani ndani yake, ila hoja ndizo zile zinazotolewa kila jambo hili linapoguswa. Mwalimu ndiye mwenye hofu; ana mtoto wa miezi kumi. Sista ni muuguzi wa kituo cha afya. Mzee ni tabibu mstaafu aliyeanza kazi enzi za kuchemsha sindano. Daktari ni wa afya ya akili, anatoka hospitali ya mkoa. Mimi nina upande wangu, na sitauficha.

MWALIMU: Shikamoo mzee. Naomba nianze na siku yenyewe, maana mkisikia "ana wasiwasi" mnadhani nimejitungia tu. Malaria ilikuwa imenizidi, mtoto ana miezi sita. Wakaniandikia sindano. Nikaingia chumba cha sindano kama saa nane mchana. Nesi alikuwa amenipa mgongo, anavuta dawa. Nikasikia karatasi ikichanika. Alipogeuka, bomba liko mkononi tayari lina dawa. Akanichoma, nikasema asante, nikatoka. Nimefika nyumbani, nimeinama kumnyonyesha mtoto, wazo likaja: ile karatasi niliisikia kweli? Au ilikuwa ya glavu? Ya pamba?

Tangu hapo sina amani. Mtoto nilimwachisha ziwa wiki hiyohiyo, maziwa yakanijaa mpaka nikapata homa. Mume wangu nikamwambia bado naumwa, na mpaka leo namwambia hivyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule natoa ulimi mbele ya kamera ya simu, natafuta utando mweupe. Natafuta tezi shingoni na makwapani. Nabonyeza mpaka panauma, halafu maumivu yaleyale ndiyo yananipa hofu mpya. Na chanjo ya surua ya mtoto, ile ya miezi tisa, imepita tarehe yake. Nashindwa kumpeleka achomwe.

MZEE: Marahaba mwanangu. Pole sana.

SISTA: Ndiyo maana mimi nasema apimwe. Mdogo wangu, sikurudishi. Kupima ni haki ya mtu, tumelihubiri hilo miaka yote, redioni na kwenye mabango. Leo mtu kaja kwa miguu yake, hajasukumwa na yeyote, nimwambie hapana? Nikimwambia hapana atakwenda duka la dawa kununua kipimo cha kujipima, ajifungie chooni peke yake, aone mstari ambao haupo. Au ataangukia kwa mganga, achanjwe chale kwa wembe ambao haujulikani umepita kwa nani, na huko ndiko hatari ya kweli iliko. Kumtoboa kidole kunanigharimu robo saa.

Tena najua kusubiri majibu kulivyo. Mimi niliwahi kuchomwa na sindano niliyotoka kumtolea damu mgonjwa mwenye VVU. Alishtuka, akavuta mkono, sindano ikachomoka ikaingia kwenye kidole changu kupitia glavu. Nilianzishiwa dawa za PEP, zile za kinga ya dharura, mchana huohuo. Mwisho wa kuzianza ni saa 72 tangu tukio, na dozi ni siku 28. Kichefuchefu kilinitesa, chakula nakila kwa kujilazimisha. Waliniambia kwamba kati ya wahudumu 1,000 wanaochomwa kama nilivyochomwa mimi, hata wasipopewa dawa, wanaoambukizwa ni kama 3. Nilisikia, lakini usingizi haukuja kwa hesabu. Ulikuja siku niliposoma majibu yangu. Kwa nini nimnyime mwenzangu kitu hichohicho?

DAKTARI: Kwa sababu wewe usingizi ulikuja, sista. Mwulize kama wake unakuja.

MWALIMU: Unakuja. Usiku mmoja. Nikitoka maabara najisikia mwepesi, namnunulia na mtoto ndizi njiani. Nikifika kijiwe cha bodaboda naanza: yule kijana aliandika jina langu, au la yule mama aliyekuwa mbele yangu? Kile kipimo hakikuwa kimepita muda wake? Hakusoma kabla dakika hazijatimia? Nikifika nyumbani ni kama sikupimwa.

Hapa ndipo mjadala unapoanza kunipa msimamo. Sista alikuwa na tukio, lina saa, lina mgonjwa anayejulikana, lina damu iliyoonekana. Kipimo kilijibu swali lililokuwepo. Mwalimu ana swali ambalo likijibiwa linazaa jingine, na hili la pili linakuja limevaa nguo za busara: jina, tarehe ya kipimo, dakika za kusoma. Hakuna muuguzi anayeweza kusema hayo ni maswali ya kipuuzi. Ni maswali mazuri kabisa. Ndiyo maana yanamtesa.

DAKTARI: Waingereza wawili, Paul Salkovskis na Hilary Warwick, walilieleza jambo hili mwaka 1986, wakati ambapo kliniki za nchi yao zilikuwa zimeanza kujaa watu wenye afya waliojiona wana UKIMWI. Walichokiona ni kwamba kumhakikishia mtu wa namna hii ni kumwongezea ugonjwa. Anahakikishiwa, anapumua, hofu inashuka. Mwili unajifunza: ahaa, hofu ikipanda, dawa yake ni kwenda kupima. Kesho hofu inapanda kwa jambo dogo zaidi. Kesho kutwa kipimo kimoja hakitoshi. Kubonyeza tezi ni hivyohivyo, kuangalia ulimi ni hivyohivyo, kumwuliza shoga yako "unanionaje, nimekonda?" ni hivyohivyo. Mwalimu, unamwuliza nani?

MWALIMU: Dada yangu. Kila siku. Siku hizi hapokei simu.

DAKTARI: Kwa hiyo mimi nasema asipimwe. Si kwa kumkomoa. Sindano ilikuwa lini?

MWALIMU: Miezi minne na siku kadhaa.

DAKTARI: Na kipimo cha mwisho?

MWALIMU: Wiki iliyopita.

DAKTARI: Basi imekwisha. Ule muda ambao virusi vinaweza kuwa vimeingia na kipimo hakijavionyesha, hata tukiupa miezi mitatu mizima kwa tahadhari, umepita. Kipimo cha wiki iliyopita kimejibu kila kitu ambacho kipimo kinaweza kujibu. Cha leo hakitaongeza hata chembe ya ukweli. Kitaongeza ugonjwa.

MZEE: Daktari, unakwenda sawa lakini unakwenda mbio. Huyu binti hajaota. Hofu yake ina baba na mama, na mimi niliwaona. Nilipoanza kazi, sindano zilikuwa za kioo, na ncha zake za chuma tunazitumia mpaka zinakuwa butu, tunazinoa kwenye jiwe. Tunachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Kanuni ilikuwa dakika 20 tangu maji yatokote. Sasa niambieni, foleni imefika mlangoni, mafuta ya taa yamebaki kidogo, watoto wanalia. Zile dakika 20 zilikuwa ngapi? Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakajulikana kule Kagera, watu wakiuita ugonjwa Juliana, na sisi bado sufuria iko jikoni. Zikaja za plastiki za kutumia mara moja, nazo mahali pengine tukazichemsha.

Wananchi hawakuwa wajinga. Waliona. Wakaanza kwenda hospitali na bomba lao wamelifunga kwenye kitambaa. Uganda walifika mbali zaidi: Harriet Birungi alichapisha utafiti mwaka 1998 akionyesha jinsi familia zilivyokuwa na mabomba yao nyumbani, kwa sababu waliliamini bomba linalokaa kabatini kwao kuliko chumba cha sindano cha serikali. Imani ilihama kutoka kwa mhudumu ikaenda kwa kifaa. Mama mjamzito akienda kujifungua na glavu zake, wembe wake na uzi wake, sababu ni uhaba, najua, lakini mazoea yale yanambebesha pia wazo kwamba usalama wake anautoa nyumbani.

MWALIMU: Kwa hiyo nina haki ya kuogopa.

MZEE: Ulikuwa nayo. Sikiliza mpaka mwisho. Yupo daktari wa Kanada, Jacques Pépin, aliyefanya kazi Zaire akiwa kijana. Mwaka 2011 alitoa kitabu kuhusu chimbuko la UKIMWI, na humo hakuwaonea haya wakoloni: sindano za kampeni za kutibu malale na maradhi mengine Afrika ya Kati, zilizotoka mkono huu kwenda ule, anaona zilisaidia virusi kuenea mwanzoni kabisa. Mtu anayesema hivyo huwezi kumwita mtetezi wa hospitali. Sasa mtu huyohuyo na wenzake, mwaka 2014, walipiga hesabu ya nchi zinazoendelea. Mwaka 2000, sindano karibu 40 katika kila 100 zilikuwa zimekwisha kutumika kwa mtu mwingine. Mwaka 2010 zimebaki kama 5 na nusu. Na maambukizi ya VVU kwa njia hiyo yalishuka kwa asilimia 87. Miaka kumi tu! Katika kazi yangu yote sijaona jambo lililobadilika kwa kasi hiyo.

SISTA: Na bomba lenyewe lilibadilika. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikubaliana kwamba chanjo zihamie kwenye mabomba yanayojifunga. Mdogo wangu, ukilisukuma mpaka mwisho, kisukumio kinakwama. Huwezi kulivuta tena hata ukitumia nguvu; ukilazimisha linavunjika. Hata nikiwa mvivu, hata nikiwa na roho mbaya, bomba linanikatalia. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likataka sindano za matibabu nazo zifuate.

MWALIMU: Sista, nimesoma. Usiku silali, nasoma. Ratodero, Pakistani, mwaka 2019: mamia ya watoto, wengi chini ya miaka 5, wazazi wao hawana virusi, walipata kwenye zahanati, sindano na dripu zimerudiwa. Roka, Kambodia, mwishoni mwa 2014: zaidi ya watu 200 kijiji kimoja, mpaka wazee na watawa, kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa akiwatibu. Hao nao waliambiwa wana wasiwasi tu?

Wote wananyamaza kidogo, na wana sababu. Mjadala wowote wa jambo hili unaojifanya Ratodero haikutokea ni mjadala wa uongo, na mwenye hofu ataunusa mara moja. Mtu wa namna hii huwa amesoma kuliko wanaomtuliza. Ukimwambia "haiwezekani", umekwisha. Atakuletea Roka, na kuanzia hapo hatakuamini hata ukisema kweli.

MZEE: Hayo yalitokea, na waliofanya walistahili kushtakiwa. Yule wa Roka hakuwa hata na leseni. Alihukumiwa miaka 25. Lakini tazama yalivyogunduliwa. Hayakuja kama mtu mmoja anayebonyeza tezi. Yalikuja kama kundi: watoto wenye homa zisizokwisha, wazee wasiotarajiwa, wote wamepita mlango mmoja, na vipimo vyao vinaonyesha virusi. Vinaonyesha, mwanangu. Vya kwako havionyeshi. Mwaka 2003 kulikuwa na ubishi mkali duniani, Mmarekani mmoja, David Gisselquist, akidai kwamba sindano ndizo zinazoeneza VVU Afrika kuliko ngono. Jibu lililonishawishi mimi ni la watoto wa miaka 5 hadi 14. Hao ndio tuliowachoma sindano za malaria bila idadi. Kama dai lile lingekuwa kweli, wangejaa virusi. Hawakujaa. Wachache waliokutwa navyo, wengi walizaliwa na mama waliokuwa navyo.

DAKTARI: Mzee, hesabu hizo nazipenda, lakini hazitamfaa. Mpe 3 kati ya 1,000, atakaa kwenye wale 3. Mpe mmoja kati ya milioni, atakuuliza jina la huyo mmoja. Mwalimu, unataka tukuambie nini hasa?

MWALIMU: Asilimia mia. Mtu aniambie asilimia mia.

DAKTARI: Umekuja hapa kwa usafiri gani?

MWALIMU: Kwa bodaboda.

DAKTARI: Na kofia?

MWALIMU: Alikuwa nayo yeye tu.

DAKTARI: Ulimpa mwendeshaji usiyemjua maisha yako barabara nzima, bila asilimia mia, na hukufikiri hata kidogo. Uwezo wa kuishi bila uhakika unao. Umepotea mahali pamoja tu. Nataka tujue ni kwa nini ni hapo.

MZEE: Niulize mimi jambo. Mwalimu, ulishawahi kuogopa homa ya ini? Aina ya B?

MWALIMU: Hapana. Kwani inahusu nini?

MZEE: Sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B inaambukiza kwa wepesi usiolingana na VVU. Kwa asiyechanjwa, kati ya watu 100 wanaochomwa nayo, wanaopata ni kuanzia 6 hadi 30. Virusi vyake vinakaa hai nje ya mwili siku saba na zaidi, wakati VVU damu ikikauka sehemu kubwa inakufa ndani ya saa chache. Kama unachoogopa ni sindano chafu, homa ya ini ilipaswa kukutangulia kichwani. Nimekaa na watu wengi wenye hofu kama yako. Hakuna hata mmoja aliyeniomba kipimo cha ini.

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila muuguzi awe nalo mfukoni. Halimshindi mgonjwa, ila linamwonyesha mahali pa kutazama.

MWALIMU: ...Homa ya ini hakuna atakayeniuliza nimeitoa wapi.

DAKTARI: Endelea.

MWALIMU: Nikikutwa na VVU, nani ataamini ni sindano? Mama mkwe? Tangu niolewe ananiangalia kama nimemwibia mwanawe. Atasema nilikuwa nakwenda semina za walimu kumbe nakwenda kwingine. Mume wangu atasema "naelewa", halafu atahamia chumba cha pili. Watanichukulia mtoto. Sina cha kujitetea, kwa sababu yule nesi alinipa mgongo na mimi sikuona.

Kumbe ndivyo. Miezi minne mtu huyu amekuwa akitafuta ushahidi wa kesi ambayo haijafunguliwa. Ndani ya hofu ya sindano kuna baraza la ukoo limekaa, na yeye yuko katikati anahojiwa. Kipimo hakiwezi kumtoa mtu kwenye baraza la namna hiyo. Kinaweza tu kuahirisha kikao mpaka asubuhi.

Nilikusudia sauti nne. Ya tano imejileta yenyewe, na ingekuwa dhambi kuifungia mlango. Ni ya mama mmoja aliyekaa upande wa pili wa benchi, kadi yake ya CTC, kliniki ya wenye VVU, ameifunika kwa khanga.

MAMA: Samahanini, nimesikia bila kutaka. Mwanangu, hicho chumba cha sindano unachokiogopa, mimi ndiye ninayekaa humo. Mtu unayefikiri alikutangulia kwenye bomba ni mimi. Nimeanza dawa zilipoanza kutolewa bure nchini, mwishoni mwa 2004, nikiwa mifupa mitupu. Leo virusi vyangu havionekani kwenye kipimo, na daktari ameniambia ilivyo hivyo simwambukizi mume wangu. Nina mtoto wa darasa la saba, nilimzaa nikiwa na virusi, nikamnyonyesha nikimeza dawa, hana kitu. Wewe huna virusi na umemwachisha mwanao ziwa. Sikulaumu, roho inaniuma tu. Lakini kila unapousimulia ugonjwa huu kama mwisho wa maisha, kuna mtu amekaa karibu yako anasikia.

MWALIMU: Nisamehe, mama. Sikujua.

MAMA: Najua hukujua. Na mama mkwe ninaye na mimi. Mume wangu naye alihama chumba, akarudi. Wako naye akihama, atarudi.

SISTA: Daktari, nimeanza kukuelewa, ila usinitupie mzigo wote halafu ukarudi mkoani. Foleni yangu unaiona. Kumtoboa kidole ni robo saa. Kukaa naye na kumsikiliza kama tulivyomsikiliza leo ni saa nzima. Nani atanishikia dirisha? Na akinijia mwingine ambaye kweli kachomwa na sindano chafu juzi, nikamwona naye "wale wale wa hofu", nikamrudisha? Saa 72 hazingoji.

DAKTARI: Ndiyo maana mara ya kwanza hatumhukumu mtu. Anayekuja mara ya kwanza anaulizwa kila kitu: lini, wapi, sindano gani, damu ya nani. Kama tukio ni la kweli na saa 72 hazijapita, anaanzishiwa PEP bila maswali ya aibu. Kama muda umepita, anapimwa, anaambiwa tarehe ya kipimo cha mwisho, na tarehe hiyo inaandikwa kwenye kadi yake. Kipimo hicho kikishatoka kwa wakati wake, mlango wa kupima tukio hilo unafungwa, na mlango wa mazungumzo unafunguliwa. Kosa letu ni kwamba tunafunga wa kwanza bila kufungua wa pili. Tunamwambia "huna kitu, nenda nyumbani", kana kwamba mateso yake si kitu.

Na ni kitu. Watafiti wa Sweden walifuatilia watu zaidi ya 4,000 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa wa kuhofia maradhi, wakachapisha matokeo mwishoni mwa 2023. Watu hao walikufa mapema kuliko wenzao, kwa wastani wa miaka kama mitano, na kujiua kwao kulikuwa kama mara nne. Wale waliokuwa wakiambiwa hawaumwi! Kuhusu mzigo, sista, sikutupii. Uingereza, Peter Tyrer na wenzake walijaribu tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa zaidi ya 400 wa hofu hii kwenye kliniki za kawaida, na waliotoa tiba hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu waliofunzwa kwa muda mfupi, wakiwemo wauguzi, na wauguzi walifanya vizuri sana. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Wewe unaweza. Hofu ikiwa imemzidi mtu, zipo na dawa, fluoksetini kwa mfano, na hizo ndipo mnaniita mimi.

Nakubaliana na Daktari, lakini kwa sharti la Sista: asiyepimwa lazima apewe kitu badala yake, na kitu hicho kiwe na siku na saa. Kumkatalia kipimo na kumwacha mlangoni ni ukatili uleule wa kumpa mgongo. Ningeongeza sharti langu, dogo. Nesi asimpe mtu mgongo. Afungue bomba mbele ya macho ya anayechomwa, ampe alitazame likiwa bado kwenye karatasi yake, halafu alitumbukize kwenye sefti boksi mgonjwa akiona. Ni sekunde chache. Kama yule nesi wa saa nane mchana angegeuka tu akatazamana naye, huenda Mwalimu angekuwa bado ananyonyesha. Huenda hofu ingepata mahali pengine pa kuingilia, sikatai; lakini wengi tungewaokoa kwa sekunde hizo, na ni deni letu tangu enzi za sufuria ya Mzee.

MWALIMU: Kwa hiyo leo sipimwi.

SISTA: Hupimwi, mdogo wangu. Ila Alhamisi saa tisa, foleni ikipungua, unakuja tunakaa. Siyo maabara, ni kile chumba cha mwisho. Na hizo simu za dada yako, tukubaliane: mpigie umwulize habari za watoto wake. Habari za kukonda kwako usimwulize.

MWALIMU: Na ulimi?

DAKTARI: Anza na kuuangalia mara moja kwa siku, wiki ijayo usiuangalie kabisa. Hofu itapanda sana siku za mwanzo, nakuambia mapema ili usidhani umezidiwa. Iache ipande. Haikai juu milele ikikosa cha kushika.

SISTA: Na Jumatano unamleta mtoto chanjo, surua haingoji mtu atulie. Bomba nitalifungua mbele yako, utaliona likiwa bado ndani ya karatasi yake. Nitalifungua mara moja. Usiniombe nilitupe nifungue lingine.

MWALIMU: Nikikuomba je?

SISTA: Nitakataa, na nitamchoma mtoto kwa lilelile, na wewe utakuwa umempakata.

MWALIMU: Na nikija kabla ya Alhamisi, shingo imevimba kweli?

SISTA: Njoo. Shingo nitaishika. Kidole sitatoboa.